Mkanda wa Nyuma

Fundi aliushika mkanda wa kiti cha nyuma akauvuta. Akauvuta tena mpaka ukagoma. Kwenye kile kipande cha mwisho, kinachojificha ndani siku zote, palikuwa na mstari wa tope.

"Maji ya mafuriko yalifika hapa," alisema. "Na betri kubwa iko chini ya kiti hiki hiki."

Mama Angalia akarudi nyuma, akimvuta na kitinda mimba wake kwa ukosi wa gauni. Mtaa ulimpa jina hilo kwa sababu hilo ndilo neno lake tangu anaamka: angalia ngazi, angalia chai ya moto, angalia huo mlango. Wanawe hawakukaa garini bila kufunga mkanda, hata gari likiwa limeegeshwa.

Mumewe alikuwa akilipapasa bodi kama anapima homa. Gari lile la petroli na umeme alilinunua likiwa limeshazeeka, na bado akaringa nalo, eti linatembea kimya kama paka.

"Lakini si linawaka, fundi?"

"Linawaka leo. Kutu iko kwenye nyaya, inakula taratibu. Siku moja litazima katikati ya barabara, au lishike moto. Na kwa bei ya betri nyingine ya gari la umri huu, bora utafute gari lingine. Uzeni vipuri. Mkiliuza zima, mwambieni mnunuzi."

"Wanangu hawakai juu ya betri iliyolowa," alisema Mama Angalia. "Bora watembee kwa miguu."

Fundi alipoondoka, mume akasema, "Basi tuuze vipuri."

"Vipuri! Ili upate nini? Liuzwe zima."

"Na mnunuzi tumwambie?"

"Ana mdomo, aulize. Asipouliza, mimi nimwambie kama nani?"

Akajifunga kibwebwe. Akasugua mazulia, akachokonoa tope kwenye kila kona kwa mswaki, kisha akamwaga marashi ya kutosha harusi mbili. Dalali alipokuja akanusa, akatabasamu.

"Huo mkanda wa nyuma usivutwe sana," Mama Angalia alimnong'oneza.

"Mama, nani anafunga mkanda wa nyuma? Hata wa mbele watu wanaukalia."

Siku hizo mtu aliyekuwa hana raha ni dereva wa watoto, aliyewapeleka shule wanawe na wa jirani. Kigari chake kilisikika tangu kona ya mtaa kikikohoa, na Mama Angalia alikuwa akimngoja getini, mikono kiunoni.

"Wewe baba, hiki kidude kitaniulia watoto! Moshi huo! Na hicho kioo chenye ufa, utauziba lini?"

"Nimesikia, mama. Natafuta jingine."

"Kila siku unatafuta. Wiki ijayo ukija na hili, wanangu huwapati."

Dereva akainamisha kichwa, akaondoka na moshi wake.

Ijumaa dalali alirudi anachekelea. "Limeenda! Mnunuzi hakufungua hata boneti. Aliuliza tu lilikuwa la nani. Nilipokutaja wewe, mama, akasema inatosha."

Mama Angalia akaweka sawa kilemba chake. "Unaona?" akamwambia mumewe. "Watu wananiheshimu."

Mume alikuwa anatazama doa la mafuta lililobaki uani.

Jumatatu asubuhi hakukusikika kikohozi chochote kutoka kona ya mtaa. Mama Angalia alikuwa jikoni akifunga vyakula vya shule, tayari ameshaanza kumsema dereva kwa kuchelewa, mara akasikia watoto wanashangilia nje. Akatoka mbio na chupa ya maji mkononi.

Milango ilikuwa imeshafungwa, watoto wameshajipanga nyuma. Dereva alikuwa anafuta kioo kwa mkono wa shati. Marashi yalifika mpaka getini.

"Haya, mama, leo huna la kusema!" alisema. "Nilipoambiwa ni lako, nikasema hapo hapo nachukua. Mama anayegombana na mimi kwa ajili ya ufa wa kioo, gari lake nilikague la nini?"

Majirani walikuwa wamesimama kwenye mageti yao, wanamsikiliza dereva na kuitikia kwa vichwa, wakimsifu mama huyo. Mama Angalia akafungua mdomo. Akawatazama majirani. Akaufunga.

Dereva akaingia, akapunga mkono. Gari likaanza kusogea bila mlio wowote, na kitinda mimba akatoa kichwa dirishani, anacheka.

"Mama, angalia! Nimefunga mkanda! Nimeuvuta wote, mpaka kwenye tope!"