Funda la Kwanza

Daktari alilijaza wino duara la nne kwenye mchoro wa ukoo, kisha kalamu ikasimama juu ya duara tupu. "Huyu ni wewe, Anatolia."

Anatolia aliitazama karatasi kwa macho yaliyochoka. Babu, baba, shangazi, kaka. Wote tumbo, wote choo cha damu, na hakuna aliyefika miaka hamsini.

"Ugonjwa huu mmezaliwa nao, uko kwenye damu yenu," daktari alisema taratibu. "Hakuna aliyewapa."

Lakini kwao Kaisho kila mtu alimjua aliyewapa. Baba alikunywa rubisi, pombe ya ndizi, ya mkono wa mama wa kambo, akaanza kukonda, basi. Babu alikuwa kaburini kabla mama huyo hajaolewa, na hakuna aliyejisumbua kulikumbuka hilo. Tangu msiba wa baba, miaka kumi na minne sasa, mama wa kambo hakumpa mtu yeyote wa nyumba ile kitu bila kukionja kwanza mbele yake, hata mtoto akiomba maji.

Anatolia alitoka nje akijikokota. Mama wa kambo alikuwa benchini. Ndiye pekee aliyekubali kumsindikiza. Alifungua chupa, akamimina uji wa ulezi kikombeni, akauinua kwenye midomo yake mwenyewe, kama kawaida.

Anatolia akamshika kiwiko. Uji ukawamwagikia wote wawili.

"Usionje, mama," alisema. "Nipe tu."