Semina ya Kuruka

Paliondokea Mnana, ndege fundi wa kusuka viota, mwenye majibu mengi kuliko maswali. Bi Fuko, mnyama aishiye chini ya ardhi, alimjia kuomba ghala la kuwekea mizizi ya ukoo wake kabla ya kiangazi.

“Njoo kwanza kwetu uone tunavyoishi,” akasema.

“Mama, kuuliza-uliza ni kazi ya wanagenzi. Mimi ghala nalijua.”

Akalisuka likapendeza, likaning’inia kwenye ncha ya tawi, mlango ukitazama chini kama viota vyote vya kwao. Bi Fuko akapapasa hewa, mlango hakuupata.

“Ruka tu, utauona,” Mnana akamwambia.

“Hatuna mabawa, fundi.”

Mnana akaguna. Ghala lilikuwa sawa. Wenye kasoro walikuwa wateja. Hakufumua hata unyasi mmoja, bali aliwaandalia fuko semina ya siku tatu ya kuruka.

Hakuja hata mmoja. Siku ya tatu alikuwa tawini akilaani uvivu wao, mara mti ukaanguka naye na ghala lake. Fuko walikuwa wamejichimbia ghala chini ya mizizi ya mti huo huo.

Mnana akajikung’uta vumbi, akauliza swali la kwanza maishani mwake: “Kwani nyinyi mlitaka nini?”

“Shimo,” akasema Bi Fuko.