Kopo Moja kwa Kila Mtu

Henriette alimimina maji yote ya baraka kwenye ndoo, akaifunika. Chombo cha mlangoni mwa kanisa kikabaki kikavu.

"Batafanya alama ya musalaba na mikono mikavu," alimwambia padri. "Mungu atabaelewa."

Padri hakubisha. Yeye ndiye aliyempokea wiki mbili zilizopita, mwanamke huyo, mzaliwa wa mkoa huo huo, alipotokea kwa miguu kutoka Lubudi kuomba kazi ya kulinda maji, na tangu hapo tanki la parokia halikupoteza hata tone. Maji ya kufulia vitambaa vya altare yalisugua sakafu, kisha yakaenda kwenye mboga. Maua yaliachwa yafe. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1993, mabomba ya Kolwezi yalikuwa yamekauka, na uwanjani mwa kanisa walilala Wakasai mia nne waliofukuzwa majumbani mwao na wenyeji. Walikuwa wakingoja treni ya kuwarudisha kwao, huko ambako wengi wao hawajawahi kufika.

Kila mmoja wao alipewa maji ya kujaza kopo moja la nyanya kwa siku. Henriette alipima, na vijana wa wenyeji hao, wenye marungu, walimsimamia kutoka getini, asije akapendelea mtu. Vijana hao hawakuwa na mzaha. Simone, mwenyeji kabisa wa Kolwezi, alikataa kumwacha mume wake Mkasai, nao wakamsukumia ndani pamoja naye. Sasa alipanga foleni kama wengine.

Asubuhi hiyo Mulumba, aliyekuwa karani wa reli huko Lubudi, alikuja amembeba binti yake wa miaka mitano. Homa ilikuwa imempasua mtoto midomo.

"Ongeza kopo moya tu," alisema Mulumba, macho chini. "Ndaya anaungua."

"Kila mutu kopo moya, tata."

"Basi unipe leo ile yangu ya kesho."

"Na kesho utakunywa nini? Pita."

Hakumtazama mtoto hata mara moja. Mtoto ndiye aliyemkazia macho, mpaka Mulumba akamgeuza uso na kumlaza begani.

Simone hakuvumilia. "Weye mwanamuke, haukuzala?"

Kijana mmoja wa getini aligeuka kusikiliza.

"Sikuzala," alisema Henriette. "Mwingine!"

Watu walimchukia, nami siwalaumu. Mulumba alimnywesha mtoto kopo lake mwenyewe, siku hiyo na siku iliyofuata. Simone aliongeza nusu ya lake. Kwa homa ile, hayo hayakuwa maji.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, foleni ikiwa bado ndefu, Ndaya alikata roho. Tanki lilikuwa bado limejaa zaidi ya nusu. Kazi safi, hakuna aliyeweza kusema vingine.

Padri aliagiza maji ya kuogesha maiti. Henriette alifungua bomba la tanki na safari hii hakupima. Ndoo ilijaa, ikafurika, maji yakamlowesha miguu, na vijana wakamfokea. Alifunga bomba, akampa Simone ndoo aipeleke. Yeye alirudi kusimama mahali pake.

Simone aliitua ndoo karibu na mkeka, lakini hakumgusa mtoto.

"Kwao mutoto anaogeshwa na mama yake, Padri," alisema. "Mi siwezi kumukamatia nafasi."

Padri alichuchumaa karibu na Mulumba. "Mama yake iko wapi, tata? Alikufa?"

"Hapana, Padri."

Vijana wa getini walikuwa wamesogea kuangalia. Mulumba aliwatazama mmoja mmoja, bila haraka, kisha akapaza sauti ili wote wasikie.

"Mama yake ni ule anapimia batu maji."