Kumbukumbu ya Mwisho ya Bi Mize

Kila asubuhi baada ya chai, Bi Mize huweka kiganja juu ya kisanduku cha kituo cha utafiti na kukipa kumbukumbu moja ya bahari. Ndiyo sheria kwa wazee wote wa pwani, maana wanasayansi hawana njia nyingine ya kujua bahari ilivyokuwa kabla haijapata joto. Kumbukumbu ikishatolewa haimrudii mwenyewe.

"Kinakula kuliko marehemu baba yako," alitania leo, akinyoosha mkono.

Zuwena, bintiye, ambaye ndiye mpokeaji wa kumbukumbu hizo kituoni, alimdaka kiganja kabla hakijagusa. Kwenye kioo cha kisanduku alikuwa ameona imebaki kumbukumbu moja tu: maji yamekupwa mpaka mwambani, Bi Mize anachokoa pweza kwa kijiti, na mgongoni mtoto wa miaka minne anaimba ovyo, mama akicheka.

"Niachie, mwanangu. Si ndiyo kazi yako?"

"Ngoja kiganja kikauke, kina maji," alisema Zuwena, ingawa kilikuwa kikavu.

Alikwisha kuchukua kumbukumbu za mashamba ya mwani, za majongoo wa pwani, hata ya harufu ya upepo wa kusi, na kila mara alimshukuru mama kwa sauti ya ofisini. Bila hii ya pweza, ramani ya mwamba ingebaki na pengo.

Kisanduku kilianza kulia, kikidai kumbukumbu ya leo.

"Zuwena! Una nini?"

"Iliyobaki ni ile ya pweza tu, mama, nikiwa mgongoni mwako. Pengo la ramani na libaki. Sitaki uisahau, niachwe kule mwambani peke yangu."