Rele ya Pembeni

Kila jioni Falonne alisimama kwenye mlango wa jikoni akamwita marehemu mume wake aje kula ugali, na kila jioni kuna mtu aliyeitika.

"Muzaliwa! Bukari iko tayari!"

Jirani hata mmoja hakushtuka. Mtaa ule wa Kasongo ulikwishazoea. Asiyezoea alikuwa Plamedi, mdogo wake marehemu. Ile sauti iliyoitika ilifanana na ya kaka yake kupita kiasi, na kila alipoisikia mwili ulimsisimka.

Plamedi alishinda kwenye karakana iliyo mbele ya nyumba, kwenye kompyuta ya kaka yake, akihangaika na mchoro wa kaka yake. Ulikuwa mchoro wa bodi ya kengele ya maji, ya kutegwa kwenye mashimo ya dhahabu ya Salamabila: maji yakipanda, king'ora kilie, watu watoke. Muzaliwa ndiye aliyebuni ya kwanza. Rele zake, vile visanduku vidogo vinavyowasha king'ora, ziliingia unyevu zikaganda. Siku maji yalipofurika shimoni king'ora hakikulia, na Muzaliwa mwenyewe alikuwa huko chini, ameshuka kukagua kazi yake.

Sasa zilitakiwa rele za aina nyingine, zisizojali maji. Kazi yenyewe si ya kutoa jasho. Unaiambia programu itafute rele zote za zamani, nazo zinawaka njano. Unaiambia ibadilishe. Rele mpya inakaa palepale pa ile ya kwanza, inachukua namba yake, na mistari yote ya shaba inabaki imeishika. Ukitazama kwa mbali huoni kilichobadilika.

Zilibadilika zote isipokuwa moja, pembeni kabisa mwa bodi. Hiyo Muzaliwa alikuwa ameifunga kwa mkono wake, isiguswe. Kuifungua ni kubofya mara moja tu, lakini juma zima Plamedi alikuwa ameshindwa kubofya.

Simu ililia. Alikuwa Sarah-Grâce, mchumba wake wa Wamaza.

"Unakuya siku gani?"

"Mchoro ukiisha. Iko kitu moja inakatala."

"Weye unasema vile kila siku."

Huko nyuma Falonne akaita. Sarah-Grâce alisikia.

"Ule mama angali anaita marehemu?"

"Angali."

"Na weye unalala mu nyumba ile! Toka pale, Plamedi." Akaita tena, "Plamedi?"

Jina lilimfikia kwa kuchelewa, kama si lake. "Niko," akasema. "Kesho kutwa dereva wa moto anapeleka mchoro kwa mafundi wa Salamabila. Ntapanda nyuma ya pikipiki yake, atanishusha Wamaza. Nakuapia."

Akakata simu haraka, kabla yule mtu hajaitika.

Hakuwa anamdanganya. Alimpenda yule msichana mpaka usingizi ukamkimbia, na nyumba ile aliichukia yote: sandali za marehemu zilizopanguswa mlangoni kila asubuhi, shati lake la kanisani lililofuliwa kila Jumatatu na kuanikwa kwenye kamba, sahani yake ya bati iliyorudi jikoni tupu. Hata barabarani hakukuwa na nafuu. Asubuhi ile mtu wa baiskeli alipita mbele ya karakana akapaza sauti, "Muzaliwa, jambo!" akaenda zake. Plamedi hakuinua kichwa.

Kesho yake alasiri Falonne alikuja akasimama kwenye mlango wa karakana. Alitazama kompyuta. Uso wa Plamedi mwenyewe hakuwahi kuutazama.

"Umemaliza?"

"Imebakia moja. Ile alifunga yeye mwenyewe."

"Uiache."

"Watu watakufa, Falonne. Mvua iko karibu."

Mwanamke alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Alikuwa amechoka, na Plamedi akamwonea huruma kuliko alivyojionea yeye.

"Basi itoe," akasema. "Lakini ukitoa ile, yeye atakuwa amebakia wapi?"

Hakungoja jibu. Alirudi jikoni, na baada ya muda moshi ukaanza kutoka.

Plamedi akaifungua ile rele. Mashine ikamwuliza kama nafasi, namba na mistari ya ile ya zamani vibaki vilevile. Akajibu ndiyo. Ikawaka njano, ikazimika, na mpya ikawa imekaa mahali pake kana kwamba hapakuwahi kuwa na nyingine.

Kazi imekwisha. Akanakili mchoro kwenye flash akaiweka mfukoni. Begi lake lilikuwa chini ya meza, limefungwa tangu asubuhi. Simu ikalia tena. Ni Sarah-Grâce. Akaishika mkononi, akaitazama mpaka ikanyamaza.

"Muzaliwa!" Falonne aliita. "Bukari inapoa!"

Nyumba ilinyamaza, ikingoja. Plamedi akaliacha begi palepale, akaenda mlangoni, akaingiza miguu kwenye zile sandali. Bado zilimzidi, kama zilivyomzidi siku ya kumaliza kilio, wazee wa ukoo walipomkabidhi hizo pamoja na jina la kaka yake, nyumba na mjane.

"Nakuya," akaitika.