Mtoto Asiyelia

"Mtoto Yesu hakulia," alisema katekista, akikung'uta shuka kwenye kamba. "Mungu mzima alilie nini? Nani alimfinya?"

"Mama katekista, hapo umepotea," mkunga alimjibu kutoka kizingitini kwake. "Kama kweli alijifanya mtu, basi alilia kama watu. Mtoto asiyelia ni maiti. Mikono hii imepokea mia tatu, usinifundishe kazi."

Tulicheka uani, maana mkunga akianza hana breki.

Ndipo pazia la mlango wa katekista likafunguka. Mke wa mwanawe alisimama pale na mwiko mkononi. Kifuani gauni lake lilikuwa na madoa mawili ya maziwa, na ni wiki mbili tangu tumzike mtoto wake.

"Wangu alilia," alimwambia mkunga taratibu. "Mara moja. Ukaniambia nimeota, ukamfunika."

Mkunga aliitazama mikono yake, kisha akaipeleka nyuma ya mgongo.

Yule binti alilishikilia pazia wazi.

"Nawa, mkunga, uingie ule. Nimeshakupakulia."