Misuko ya Mama

Mshale wa mizani ulipita kidogo tu uzito ambao Mwanaidi alitakiwa kuwa nao ili apigane ndondi.

"Netiboli imekujaza mapaja, shoga," Riziki, mwenzake wa timu ya netiboli, alimtania. "Tukate moja?"

Mwanaidi alicheka, kisha akashika nywele zake. Mama yake ndiye aliyemsuka, siku chache kabla ya kufariki. Tangu msiba hajaifumua misuko ile.

"Kata hizi."

"Za mama? We, acha wazimu!"

"Kata, mwalimu wa ndondi yuko karibu kufunga upimaji."

Riziki akakata, utani wote umemkauka. Mwanaidi akapanda tena mizani, kichwa kama cha kifaranga.

Mshale ukasimama palepale.

Riziki alikuwa bado ameipakata misuko, inanukia mafuta ya nazi, hajui aiweke wapi.